Ribiti Zilizochoma Bani

Ndugu yangu, mwezi uliopita nilirudi nyumbani, Mpanda, kutafuta ribiti, vile visumari vya kupondwa kichwa vinavyoshikiza bati, na mpaka leo sijakaa sawa. Nina Landrover kuukuu ninayoifufua, na ile mikanda ya bati inayopita ubavuni mwa bodi yake ya alumini imekataa kushika. Kila duka ninaloingia wananiuzia ribiti za chuma. Nikakumbuka kwamba babu naye alihangaika na jambo hilihili kwenye Landrover yake miaka ya tisini, nilipokuwa mtoto, tukiishi kwake Kabungu. Babu hayupo tena, kwa hiyo nikamuuliza bibi alizipata wapi.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Hata macho hakuinua.

"Zipi? Zile zilizochoma bani?"

Ukoo mzima unajua, na majirani wanajua, kwamba bani letu la tumbaku liliungua kwa sababu bibi alizidisha kuni.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Bani letu lilikuwa chumba kirefu cha udongo cha kukaushia tumbaku, paa la nyasi, na nje yake tanuri la kuni. Kutoka kwenye tanuri, mabomba ya bati yaliingia ndani na kuzunguka sakafuni, yakipeleka joto kwenye majani yaliyoning'inia juu. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kufunga majani mabichi kwenye fito. Gundi yake ilitugandisha vidole vikawa vyeusi, na hata ukinawa kwa majivu, ugali wa jioni ulikuwa mchungu. Lakini majani yakishaanza kukauka, uwanja mzima ulinukia asali. Ile harufu nikiisikia hata leo nasimama.

Tumbaku ilikuwa ya bibi. Babu alikuwa na gari lake, na gari lilikuwa na babu. Siku nzima alikuwa chini yake au juu yake, akiimba. Mikanda ya ubavuni ilipoanza kulegea, alikataa katakata ribiti za chuma. "Chuma na alumini haviishi nyumba moja," alikuwa akisema, "kimoja kitamla mwenzake." Akaenda mjini sokoni, akarudi mikono mitupu. Akaagiza kwa watu wa treni, nao wakamletea misumari.

Alizipata mezani. Tulialikwa kula kwa jirani, babu akaacha tonge hewani, akainua sufuria na kuanza kuchungulia ribiti zinazoshikiza mpini wake. Bibi aliona aibu hadi akajifunika khanga. Kesho yake babu akamwendea fundi wa masufuria, yule anayekata waya mnene wa alumini vipande vipande na kuviponda kichwa kwa nyundo. Akatengenezewa mfuko mzima. Mikanda ikashika, gari likang'aa, na babu akawa anazunguka nalo kijijini bila safari yoyote.

Ribiti zilizobaki alizificha. Hakumpa mtu hata moja, na waliomwomba aliwaambia wakatafute masufuria yao. Ndiyo maana nakumbuka vizuri siku alipompa bibi. Bomba la kwanza, lile linalotoka tanurini, lilikuwa limeachia kwenye kiungo. Babu akaja na kile kimfuko, akazipiga ribiti mwenyewe, akasema, "Hizi ni za gari, mama. Nakupa wewe tu." Bibi alicheka kama msichana.

Mwaka huo tumbaku ilikuwa nzuri kuliko zote, na ndiyo ilikuwa impeleke shangazi chuo cha uuguzi. Majani yalishakauka, vikawa vimebaki vikonyo, na vikonyo vinataka moto mkali kuliko siku zote. Bibi akachochea. Mchana, jua likiwa utosini, tukasikia kishindo kidogo ndani, kisha paa likaanza kufuka. Tulipofika na ndoo zetu hakukuwa na cha kuokoa. Shangazi alisimama uwanjani na ndoo iliyojaa maji, hakuimwaga. Babu alikaa chini palepale alipokuwa. Bibi akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Ni mimi. Nilizidisha kuni."

Shangazi hakwenda chuo. Aliolewa Misunkumilo, na salamu zake kwa mama yake zikawa fupi tangu siku hiyo.

Sasa bibi ananiambia kwamba alipochakura majivu yalipopoa, alikuta bomba limeachana, na chini yake matone ya alumini yamegandia udongoni. Ribiti zilikuwa zimeyeyuka. "Mimi mpishi," alisema, "najua sufuria ikisahaulika motoni inavyotoboka. Ila siku ile aliponipa nilifurahi, sikuwaza." Akayafukia matone kwa mguu. Babu alikufa akiamini mkewe ndiye aliyechoma bani, na kwa miaka yote alimtania kwa hilo mbele ya wageni. Bibi alikuwa anacheka pamoja nao. Nimelifikiria sana lile cheko.

Nilienda kupaangalia. Hakuna bani, hata msingi wake sikuuona, pamelimwa mahindi. Tanuri limekwisha, harufu imekwisha, na gari la babu liliuzwa kama chuma chakavu, mikanda yake ikiwa bado imeshika. Niliporudi nilimuuliza bibi kwa nini hakumwambia hata binti yake.

"Angemchukia baba yake," alisema. "Na baba yake asingeweza kuishi na hilo. Mimi nilijua binti yangu atanisamehe."

"Na amekusamehe?"

"Bado," alisema bibi.