Jogoo wa Ziwani

Mwaka ule wa ukame, unga wa mahindi ya manjano ulipojaa madukani, jirani yangu Mzee Shitanda wa hapa mtaani Ziwani aliutazama ugali wake mara moja tu, akasukuma sahani.

"Hii ni chakula ya kuku," akamwambia mkewe, Selpher. "Kwani mimi ni jogoo?"

Tangu siku hiyo akawa anaishi kwa chai ya rangi na mkate. Yeye, ambaye harusi haikunoga bila ngoma yake, akawa wa kukaa kitini mchana kutwa. Hamsalimu mtu. Akiulizwa habari, anaguna. Wapangaji wenzetu wa ploti wakasema ni uzee. Uzee gani? Yule mtu alikuwa na njaa! Njaa ya mzee hukunja uso kabla ya tumbo, nami niliwaambia hivyo mpaka wakanichoka.

Selpher naye alikuwa na hofu ya kweli. Kitinda mimba wao alikuwa anaolewa mwezi huo, na bila ngoma ya baba angetoka nyumbani kimya kimya kama mtu anayepelekwa hospitali. Basi akaenda soko la Gikomba, akanunua unga wa wimbi, akauchanganya na ule wa manjano. Ugali ukatoka kahawia.

"Baba Javan, dada yako ametuma wimbi kutoka nyumbani."

Mzee alikomba sahani, akaulizia ukoko. Haikupita wiki nikamsikia akipiga mluzi bafuni. Alipotoka, akanikodolea macho.

"Mama Njoki, hiyo kilemba umefunga, ama imekuvamia?"

Nilimtukana kwa furaha. Mzee wetu amerudi! Jioni hiyo aliishusha ngoma kutoka juu ya kabati.

Siku ya harusi akafika dada yake, Nabwire. Mzee, ngoma begani, akamshukuru kwa wimbi mbele ya wageni wote.

"Wimbi gani?" Nabwire akashangaa. "Kwetu mvua imekataa. Hata sisi tunakula tu ile ya manjano."

Mzee akamgeukia mkewe. Selpher akajificha nyuma yangu, utadhani mimi ndiye niliyeusonga ule ugali wa kuchanganya. Bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni, anangoja, machozi karibu. Mzee akamtazama binti yake, akaitazama mikono yake mwenyewe, jinsi ilivyokuwa na nguvu.

Akatanua kifua, akafumba macho, akawika.

"Kokorikoo!"

Kisha akaipiga ngoma.