Siku Niliyohesabu Majaketi

Siku ya kwanza kazini nilifika gatini saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa nimevaa suti ya harusi yangu. Tangazo lilitaka mtu wa "mwonekano nadhifu", na nguo nyingine nadhifu sikuwa nayo. Meneja, mama wa Bukoba aliyezungumza taratibu kama mtu anayechambua mchele, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Umekuja kuoa au kufanya kazi?"

"Kazi, Mama."

"Basi vua tai. Utawatisha pimbi."

Pimbi ni wale wanyama wadogo wanaoota jua juu ya mawe ya Mwanza, wanene, wasiokimbia mpaka walazimike. Baadaye mke wangu alisema ndiyo maana kampuni ilinichukua: nilifanana nao. Kufika saa nne asubuhi ile nilikuwa nimepanda mawe matatu nyuma ya Mwongozaji Mkuu, na suti ilikuwa imefumuka mgongoni. Nikarudi nyumbani jioni nikitembea kinyumenyume mbele ya majirani.

Ninyi vijana mnaoongoza wageni leo, wenye vipaza sauti vya kubana kwenye kola, mtashangaa nikisema niliichagua kazi hii kwa sababu ya uvivu wa kusafiri. Shuleni nilifaulu Jiografia na kuanguka karibu masomo mengine yote. Niliipenda Jiografia kwa kuwa inakuwezesha kuijua dunia bila kuondoka kitini. Wenzangu walikimbilia safari za mbugani, wiki nzima wamelala kwenye hema. Mimi nilitaka ziara ya mji: asubuhi matembezi ya mawe, mchana mtumbwi wa injini ghubani, na jioni niwe kitandani kwangu Ilemela. Wageni wametoka mabara yote kunisikiliza, na aliyewasimulia hajawahi kupita Shinyanga.

Miaka minne ya kwanza nilikuwa zamu ya nchi kavu, yaani kazi ya kuwatembeza wageni mjini na kuwamalizia kwenye Jiwe la Bismarck. Mmeliona kwenye kila kalenda: mawe yaliyobebana majini, la juu limekaa kama limewekwa na mtu aliyekuwa na haraka. Kila mgeni huuliza kwa nini halianguki. Mwongozaji Mkuu alinifundisha jibu siku ile ile.

"Mbele ya jiwe usiseme hujui," alinionya. "Sema wataalamu bado wanabishana."

"Wanabishana kweli?"

"Wataalamu wapi hawabishani?"

Alinifundisha pia habari ya mkia. Mkia ni mgeni wa mwisho kwenye msafara: mzee mwenye magoti, mama mwenye viatu vya kisigino, mpiga picha asiyeridhika. Mwongozaji mzuri hutembea kwa mwendo wa mkia. Akitembea kwa mwendo wake mwenyewe atafika na watu wawili, na hao wawili watakuwa wamechoka kumsikiliza.

Kisha Meneja akanihamishia zamu ya maji. Nilimwambia mimi ni Msukuma wa Usagara, na kwetu maji yakivuka goti ni ya ng'ombe. Alisema jaketi okozi halichagui kabila.

Nahodha wa chombo chetu alikuwa Mkerewe, mfupi, mpana, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Tulitaniana tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo Nahodha."

"Marahaba. Wewe ndiye Msukuma niliyeletewa? Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Kunywa je? Maana usipoogelea, utakunywa."

Tukafanya kazi pamoja miaka tisa. Saa saba tunang'oa nanga, tunapita kando ya mawe yenye minandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, tunakwenda kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu. Pale wageni wanashuka dakika arobaini, wanatazama ndege na pimbi, wanapanda tena. Kurudi tunapitia Jiwe la Bismarck kwa upande wa ziwani, nami natoa maelezo ya mwisho kabla ya gati.

Sasa niwaeleze hesabu, kwa sababu kila kitu kilichofuata kimetoka hapo. Utaratibu ulikuwa hivi: kabla ya kuondoka kisiwani, mwongozaji anahesabu abiria mmoja mmoja na kumtajia nahodha idadi. Nahodha anaiandika kwenye daftari la safari na kutia sahihi. Hesabu ni ya mwongozaji, sahihi ni ya nahodha.

Kwetu Usagara mtu hakunyooshewa kidole akahesabiwa. Bibi aliyenilea, ukimuuliza ana wajukuu wangapi, alijibu, "Wapo wa kumaliza chungu." Kuwataja kwa idadi ni kukiita kifo kije kichague. Ng'ombe wenyewe babu aliwatambua kwa rangi, na alijua nani hayupo bila kutaja namba. Nilikuwa nimesoma, naam, nilikuwa Mkristo wa kila Jumapili, lakini kidole changu kilikataa. Kwa hiyo nikajitungia njia. Kila mgeni alivaa jaketi la rangi ya chungwa. Nilihesabu majaketi. Jaketi si mtu, halina bibi. Kwa miaka tisa majaketi na watu walikubaliana, nikajiona mjanja.

Siku yenyewe tulikuwa na walimu wastaafu kumi na wanne kutoka Tabora, watu wa furaha, wakisahihishana sarufi njia nzima. Mmoja wao, mzee mrefu aliyefundisha Sayansi, masikio yalikuwa yamepungua. Tulipofika kisiwani alisikia joto, akavua jaketi na kuliacha kitini. Mama aliyekaa naye alikuwa amenunua miche ya maua mjini. Upepo ulipoanza, akaifunika kwa jaketi lile, kwa huruma tu, majani yasichanike.

Upepo wa alasiri ghubani hauombi ruhusa. Wingu lilikuwa limesimama upande wa Ukerewe, maji yamebadilika rangi. Nahodha alipiga honi, wageni wakapanda mbiombio. Nilisimama mbele, nikapitisha macho. Chungwa, chungwa, chungwa. Kumi na nne.

"Mwongozaji, wametimia?"

"Wametimia, Nahodha."

Akaandika. Tukaondoka.

Nilikuwa nimefika kwenye wataalamu wanaobishana, Jiwe la Bismarck liko upande wetu wa kulia, mawimbi yanalipiga mpaka kiunoni, mama wa miche aliponikatiza.

"Samahani, Mwongozaji. Haya ya miamba angeyapenda mwenzetu wa Sayansi. Kakaa wapi?"

Wote wakageuka kutafuta. Mimi sikugeuka. Nilikuwa nimeshaliona jaketi lake, limesimama kitini bila kichwa, na jani la kijani limechungulia shingoni.

Nahodha hakunitukana. Aliwashusha wageni gatini haraka, kisha akawasha injini tena. Mvua ilikuwa imeanza.

"Baki," akaniambia.

"Nakuja."

"Huogelei, bwana wee."

"Nitakunywa."

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Nadhani niliogopa zaidi kubaki gatini na wale walimu kumi na watatu kuliko kufa maji. Nilikaa sakafuni nikiwa nimekumbatia mguu wa kiti, natapika, huku Nahodha akikata mawimbi kwa ubavu, akizungumza Kikerewe na injini yake. Safari ya nusu saa ilichukua karibu saa mbili. Mzee wa watu tulimkuta amejibana kati ya mawe mawili, amelowa, midomo ya kijivu. Hakuwa amesikia honi. Alipoona chombo kinaondoka alikuwa ameingia majini mpaka kifuani akipunga shati, wimbi likamtupa mawe yakamchubua. Nilipomvalisha jaketi alisema kwa sauti ndogo, "Nilidhani mmenihesabu."

Alipata kichomi, akalazwa wiki mbili. Alipona. Nasema mapema ili msinihukumu kabla sijamaliza. Sababu ya kunihukumu iko mbele.

Asubuhi iliyofuata Meneja alituita ofisini, akalifungua daftari mezani.

"Hapa pameandikwa kumi na nne, na waliokuwemo ni kumi na tatu. Ilikuwaje?"

Nahodha alivua kofia. Ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba ana upara.

"Chombo ni changu, Mama. Sahihi ni yangu. Niliharakisha kwa sababu ya upepo."

Meneja akanigeukia. "Wewe ulihesabu?"

"Nilihesabu, Mama."

Mnaona? Sikusema uongo. Nilihesabu kweli. Ila ukimya uliofuata baada ya jibu lile ulikuwa mrefu vya kutosha mtu kuongeza neno moja, "majaketi", na mimi nilitazama kalenda ukutani. Mke wangu alikuwa na mimba ya tatu, na nyumba ilikuwa haijaezekwa upande mmoja. Sababu hizo mbili nimezitumia mpaka zimechakaa.

Nahodha aliondolewa majini. Kampuni ilimweka kulinda geti la karakana ya vyombo, akae kwenye kiti cha plastiki na kufungulia magari. Mtu aliyelijua ziwa kwa harufu! Nami nikapewa barua ya pongezi kwa kurudi kisiwani wakati wa dhoruba bila kujua kuogelea. Miaka miwili baadaye Mwongozaji Mkuu alistaafu, na cheo chake kikaja kwangu. Kila asubuhi nilipita getini.

"Shikamoo Nahodha."

"Marahaba, Mkuu. Ziwa limeamkaje?"

Alikaa pale miaka sita. Kila asubuhi niliamua kumwambia kesho. Kuhesabu nilibadilisha kuanzia siku ile ile: niliwagusa abiria bega, mmoja mmoja, na kutaja namba kwa sauti, na mara mbili za kwanza nilijiona kama ninayetukana wafu. Niliwafundisha waongozaji wote vivyo hivyo. Walipouliza kwa nini mpaka kugusa, nilisema ni kanuni.

Nilistaafu mwaka jana. Magoti yamekwisha, sasa mimi ndiye mkia, hata kwenda dukani. Nilidhani nitafurahi kukaa nyumbani, kazi niliyoisomea maisha yangu yote, lakini kumbe kukaa nyumbani kulikuwa kutamu kwa sababu kila jioni nilikuwa na mahali pa kutokea. Mchana nakaa ndani, na lile jaketi lenye jani shingoni linakaa nami. Mke wangu akachoka.

"Baba Shija, nenda ukamwambie huyo Nahodha wako. Mimi jambo hili nimelijua siku zote hizi, na si mimi ninayetakiwa kulijua."

Nikaenda Igombe, kwenye mwalo wa wavuvi, anakoishi na binti yake. Nilimkuta kivulini mwa nyumba akishona wavu wa dagaa. Kofia ile ile. Tukasalimiana, tukaulizana magonjwa. Kisha nikamwambia yote: bibi yangu, kidole, majaketi, mama wa miche, na neno nililolimeza mbele ya Meneja.

Aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha.

"Nilikuwa najua unahesabu majaketi," akasema. "Miaka yote tisa. Macho yako yalikuwa yanapita vifuani, hayafiki usoni."

"Ulijua? Mbona hukunikemea?"

"Nikukemee nini? Hata kwetu mtoto wa mtu hahesabiwi. Niliona una adabu."

Nikashika neno la msamaha nililokuja nalo, nikaanza. Akainua mkono wenye sindano.

"Ngoja. Umekuja kunitua mzigo, au kunitwika?"

"Kukutua, Nahodha. Nikaseme kwa watu, wajue kosa lilikuwa langu."

"Likiwa lako, mimi nililinda geti miaka sita kwa nini? Eh? Niambie, Msukuma. Nilikaa kwenye kile kiti nikijiambia: nahodha amepoteza mtu, nahodha anakaa. Nikakubali. Leo unakuja na magoti yako mabovu kuniambia nilikaa bure?"

Binti yake akaleta uji, tukanywa. Nilikuwa nimechoka kuliko siku ile ya dhoruba. Nilipoinuka kuondoka nilimwambia kwamba vijana wa gatini wameniomba niwaandikie habari za kazi yetu ya zamani, na sijui niandike nini kuhusu siku ile.

Alitafuta tundu la sindano, akapitisha uzi mpya.

"Andika ilivyokuwa. Na majaketi yako yaandike, wasije wakayarudia. Lakini chombo usininyang'anye."

Basi vijana, waguseni abiria bega na mtaje namba mpaka wawacheke. Siku ile chombo kilikuwa cha Nahodha, na alikirudisha gatini mara mbili, na mara ya pili watu wote wakawa wametimia. Hesabu ilikuwa yangu.