Mstari Chini ya Gogo

Asubuhi za mwisho wa masika, kijiji cha Katindiuka huwa hakionekani. Ukungu hupanda kutoka mtoni ukafunika mpunga, ukafunika njia ya kwenda Ifakara, na mtu aliyesimama mwinukoni huona vichwa vya miti tu, vinaelea. Mwaka ule wa 1911 Tadei alizipenda mno asubuhi hizo, na sababu yake hakumwambia mtu. Ukungu ulimweka sawa na wenzake. Kwa saa mbili au tatu hivi, hakuna aliyekuwa anaona.

Kisha jua lilipanda, watu wakarudishiwa macho yao, naye akabaki ukunguni peke yake. Mtoto wa jicho alianzia kushoto mwaka juzi, akahamia kulia bila kubisha hodi. Nyuso zilikuwa madoa. Mto ulikuwa mng'aro tu huko mbali. Si kwamba dunia ilikuwa mbaya kuitazama hivyo. Mara nyingine ilikuwa nzuri kupita ilivyo, kila kitu laini, kila kitu kama kimeamka sasa hivi. Shida ni kwamba Tadei alikuwa mpasuaji mbao, na ubao haupasuliwi kwa ndoto.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gogo la mvule huviringishwa hadi juu ya shimo refu kuliko kimo cha mtu, likalazwa juu ya miti miwili. Mmoja husimama juu ya gogo, ameshika mpini wa msumeno mrefu. Mwingine yuko shimoni, ameshika mpini wa chini. Wa juu huongoza, wa chini huvuta na kula unga wa mbao. Desturi ya kazi ilitaka mkubwa awe juu, na mdogo awe chini. Mkubwa alikuwa Tadei, mwenye msumeno, miaka arobaini na ushee. Mdogo alikuwa Dionisi, ndugu yake Natalia, mke wa Tadei; kijana mpole, mabega kama mlango, asiyependa maneno mengi.

Ili msumeno usitangetange, Tadei alikuwa na ufito wa mninga. Kwanza alivuta uzi uliopakwa masizi juu ya gogo, akaufyatua ukaacha mstari mweusi. Kisha akagongomea ufito kando ya mstari, na msumeno ukaegemea hapo. Kiangazi ufito ulikuwa mtiifu. Masika ulikunywa maji ukajipinda kama mtu mwenye kichomi. Hata hivyo mbao za Tadei zilitoka zimenyooka, masika na kiangazi, na watu walikuja kutoka Lupiro, ng'ambo ya mto, kuzifuata. Wakimwuliza siri yake, alinyoosha kiganja. "Mkono unajua," alisema, na alijiamini kabisa, maskini.

Safari hii, lakini, alikuwa na hofu. Serikali ilitaka mbao arobaini za kutengenezea kivuko kipya, na karani wa kutoka Mahenge angekuja kuzipokea mwezi ukiandama. Ubao uliopinda huvujisha maji, na karani alishasema: ukipatikana mmoja uliopinda, kazi wapewe wengine, na ninyi wawili mkabebe mizigo ya serikali. Tadei aliwahi kubeba mizigo ya serikali. Bega lake la kulia lilikuwa bado linakumbuka.

Ndipo akaja mchuuzi wa kutoka Kilosa. Alikuwa na chumvi, sindano, vitambaa, na kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia. Alipokifungua, Tadei alikisikia kabla hajakiona: kililia kama kengele.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ni nini hicho?"

"Reli ya msumeno," mchuuzi alisema. "Chuma kitupu. Tupa ule ufito wako, umechoka. Hii unaibana kwenye gogo kwa vibano hivi viwili, msumeno unateleza pembeni yake. Haipindi, hainywi maji, haizeeki. Hata ukifumba macho, ubao utanyooka."

Tadei alishtuka kidogo. Alidhani amejulikana. Lakini mchuuzi alikuwa anasema tu, kama wanavyosema wachuuzi.

"Kiasi gani?"

"Rupia kumi na tano. Kwa sababu ni wewe."

Rupia kumi na tano zilikuwepo. Zilikuwa ndani ya kibuyu, juu ya dari ya jikoni, na zilikuwa na kazi yake. Natalia alilima mpunga ng'ambo ya kijito, na kila mavuno alivuka maji ya kiunoni na mzigo kichwani, huku akipiga maji kwa fimbo kuwafukuza mamba. Fedha zile zilikuwa za mtumbwi. Walikuwa wameziweka misimu mitatu.

Jioni, Tadei alilieleza jambo hilo huku anautazama moto. Moto aliuona vizuri. Natalia aliendelea kupepeta, hakunyanyua uso.

"Una ufito," alisema.

"Umepinda."

"Mwaka jana ulikuwa umepinda pia. Mbao zikanyooka." Ungo ukatulia. "Kuna nini, mume wangu?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema. Tadei alisema, "Chuma ni chuma, bwana," akaenda kulala, na akajiona mjinga mpaka usingizi ulipomchukua.

Wala usingizi wenyewe haukuwa mzuri. Maneno ya mchuuzi yalikuwa yanamzunguka. Hata ukifumba macho. Haipindi, haizeeki. Aliwahi kusikia sauti ya namna hiyo, ya mtu anayeuza asichoweza kukirudisha. Ilikuwa miaka sita nyuma, huko milimani, kabla hajabatizwa na kuitwa Tadei. Mganga alikuja na chungu cha maji ya kuzuia risasi, watu wakapanga mstari, kila mmoja akatoa pesa moja. Tadei alitoa mbili, yake na ya mdogo wake. Alimpaka mdogo wake maji yale kwa mkono wake mwenyewe, kifuani, polepole, asisahau mahali. Kijana alikuwa anacheka kwa sababu ya baridi. Siku walipopanda kulishambulia boma la Mahenge, bombomu, ile bunduki ya kumimina risasi, ilianza kukohoa kutoka juu ya mnara, na mdogo wake akakaa chini kama aliyechoka, mkono kifuani palepale alipopakwa. Tadei alianguka handakini. Wengine wakaanguka juu yake. Alilala humo kutwa nzima, udongo kinywani, juu yake uzito ambao hakutaka kuujua, mpaka mkono mmoja ulipomshika kifundo cha mguu ukamvuta. Ulikuwa mkono wa Dionisi, wakati huo kijana wa miaka kumi na minane.

Tangu siku hiyo Tadei hakuingia tena ndani ya shimo lolote. Kisima walimchimbia wengine. Watoto wake wawili waliochukuliwa na njaa iliyofuata vita, aliwazika akiwa amesimama ukingoni. Katika kazi yote ya kupasua mbao alishukuru jambo moja, kwamba mkubwa hukaa juu.

Kulipokucha alimwambia mchuuzi, "Nitaijaribu kwanza."

Mchuuzi hakuona ubaya. Alikuwa anasubiri mtumbwi wa kumvusha kwenda Lupiro, akasema atapita kuchukua fedha au chuma chake jua likiwa utosini. Tadei na Dionisi wakaibeba reli hadi shimoni. Gogo lilikuwa tayari juu ya miti, limelazwa tangu jana, lote linanukia mvule mbichi. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Dionisi alikwenda kuleta tupa ya kunolea meno ya msumeno, Tadei akapiga magoti, akaanza kukaza vibano.

Kibano kilikuwa na ulimi unaoshika gogo kwa chini. Ili aufikie, ilimbidi apitishe mkono chini ya gogo, kipande kilichokuwa juu ya shimo. Alifumba macho, kwa kuwa hayakuwa na msaada, na pia ili asilitazame shimo. Vidole vikapapasa. Vikagusa kidonda kidogo kwenye mti, kama chale. Vikasogea, vikagusa kingine. Na kingine. Vilikuwa na nafasi sawa, shubiri moja moja, vimekwenda moja kwa moja hadi pale mkono wake ulipoishia.

Alifikiri ni mdudu. Lakini mdudu gani huyo anayetembea kama askari?

Akainuka, akaenda taratibu kwenye lundo la mabanzi, yale makombo ya pembeni ya magogo yanayobaki mbao zikishatoka. Alichukua moja la wiki iliyopita, akapitisha kidole kwenye ukingo wake wa chini. Alama zilikuwepo, nusu nusu, zimekatwa na msumeno katikati. Akachukua la mwezi uliopita. Zilikuwepo. Alifukua hadi chini ya lundo, kwenye mabanzi ya mwaka juzi yaliyoota uyoga, na huko pia vidole vyake vilisoma mstari ambao yeye hakuwahi kuuchora. Akakaa chini palepale, banzi mapajani. Ukungu ulikuwa unapita mbele yake, mweupe, wala haraka hauna, naye alihisi kama mtu aliyeambiwa kuwa nyumba aliyokuwa akilala ndani yake haikuwa yake.

Dionisi alirudi na tupa. Akamwona alivyokaa, akaona banzi, akasimama.

"Shemeji," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuukanyaga mstari wa masizi bila kujua kuwa umeukanyaga." Sauti yake ilikuwa ya aibu, kama mwizi aliyekamatwa. "Napiga uzi wangu kwa chini, natia alama kwa kisu. Ukienda kushoto nakuvuta kulia. Pole pole tu, usihisi."

"Kwa hiyo mkono wangu haujui kitu."

"Mkono wako una nguvu, shemeji. Macho ndiyo yamechoka."

"Na ukaninyamazia! Miaka miwili najisifu mbele za watu, wewe umo humo chini unanicheka!"

"Sikucheka hata siku moja," Dionisi alisema. "Ningekwambia, ungesema tubadilishane. Mimi nipande, wewe ushuke. Nilikutoa handakini mimi. Nilikuona ulivyokuwa. Ningekurudishaje?"

 Hasira ya Tadei ilitafuta pa kukaa, ikakosa. Alimpenda kijana yule kwa uchungu, kama unavyompenda mtu aliyekubeba ukiwa umelala.

 Tupa ilikuwa bado mkononi mwa Dionisi. Baadaye Tadei aliuliza, kwa sauti ya kikazi kabisa, "Reli hii unaionaje?"

"Chuma kizuri. Haina ubishi." Dionisi alifikiri. "Lakini inashika juu tu. Msumeno ni mrefu. Juu unaweza kwenda sawa na chini ukatangatanga kama mlevi. Ukiwa na mtu chini anayejua, ufito unatosha. Ukiwa huna, hata reli haikusaidii."

Ndivyo alivyosema, na sijapata kusikia jibu bora kuhusu chuma kile. Tadei alifungua vibano viwili, kimoja baada ya kingine. Akairudisha reli ndani ya gunia, akafunga kamba vizuri, mchuuzi asije akasema imechafuliwa. Kisha akavua kanzu yake, akaining'iniza kwenye tawi, akaenda ukingoni mwa shimo.

"Shemeji, hapana," Dionisi alisema.

"Nyamaza. Panda juu."

"Mkubwa hashuki. Watu watasema nini?"

"Watasema nimeshuka."

Aligeuka, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza cha ngazi. Kwenye cha tatu alisimama. Harufu ya udongo ilimjia, ileile, naye akasikia mbali sana kile kikohozi cha juu ya mnara. Akashika ukuta wa shimo. Kwa kitambo kirefu hakupanda wala hakushuka, na Dionisi huko juu alimnyooshea mkono tu, akauacha hapo hewani. Tadei hakuushika. Alishuka kipago cha nne, cha tano, mguu wake ukazama kwenye unga wa mbao, laini, wenye joto kidogo. Hakuna kitu kilichokuwa juu yake isipokuwa gogo.

"Haya," alisema.  "Haya, lete."

Msumeno ukashuka. Akashika mpini wa chini kwa mara ya kwanza maishani mwake, akavuta. Unga ukamwangukia usoni, machoni, kwenye nywele zenye mvi. Akacheka, akakohoa, akatema, akavuta tena. Jua lilikuwa linaanza kuupasua ukungu. Na msumeno ulipokwisha kuingia hatua mbili tatu ndani ya gogo, mwanga ukapata njia. Ukashuka kupitia ule ufa, mwembamba, mweupe, na pande zake zote kulikuwa na giza tupu.

Tadei aliacha kuvuta. Aliinua uso.

"Shemeji?" Dionisi aliita kwa wasiwasi. "Umechoka? Utoke?"

 Miaka miwili Tadei hakuwa ameona ukingo wa kitu chochote, si wa bakuli, si wa uso wa mkewe, na sasa mstari huu ulikuwa juu ya kichwa chake, mkali, haukuwa na ukungu hata kidogo, na mwisho wake ulikuwa umeanza kujipinda.

"Umekwenda kushoto," alisema. "Rudi kulia kidogo. Hapo. Sasa vuta."