Mwizi wa Masunga

Mume wangu Masunga ana duka la kuchapa na kutoa kopi pale Bariadi mjini. Ukimwona amekaa nyuma ya mashine yake, mpole, miwani imemshuka puani, huwezi kudhani mtu huyu alishawahi kulala ndani ya jeneza. Alilala. Alimwomba fundi seremala amfunike kabisa, eti ajue sauti za waombolezaji zinamfikiaje marehemu. Nilipomuuliza ni marehemu gani anayesikia, akaniambia, "Stephania, huelewi, huu ni utafiti."

Ndiye niliyeolewa naye. Mchana anachapa barua za watu na kadi za harusi, jioni anaandika hadithi. Mbili zimeshasomwa redioni, na siku hizo hata chakula hakili, anatembea tu uani na kiredio sikioni. Shida yake moja: hawezi kuandika kitu ambacho hajakishika kwa mkono wake. Akiandika mtu anachinja mbuzi, lazima akachinje mbuzi. Alipokuwa anaandika habari za mama mjamzito, mimba yangu ya Nancy yote alinikalia kichwani: "Sasa hivi unasikiaje? Na sasa?" Nikamwambia nasikia hamu ya kukupiga mwiko. Akaiandika na hiyo.

Mwaka jana akaanza hadithi ya mwizi wa ng'ombe. Mwizi anaingia kijiji ambacho hajulikani, anaonekana, mwano unapigwa, watu wanamzingira, wanamuua. Mwano ni yowe letu sisi Wasukuma. Ukipigwa, kila mwanamume anaacha alichoshika, anachukua fimbo au panga, anakimbilia unakotokea, na asiyekwenda ana kesi na sungusungu. Lakini Masunga kazaliwa mjini, mwano ameusikia kwa kusimuliwa tu, na sura hiyo ya kuuawa mwizi ikamgomea. Anaandika, anafuta, anaandika tena, anazima taa kwa hasira.

"Sijui mwizi anasikia nini," akaniambia.

"Anasikia anakufa. Andika hivyo tulale."

Wapi! Akataka twende kwetu.

Kwetu ni mbele ya Mwanhuzi, njia ya Kimali, nchi kavu, ya pamba na ng'ombe. Anaishi hapo mama yangu, Kwandu, pamoja na kaka yangu Malimi. Harusi yetu ilifungwa Bariadi, na huko nyumbani Masunga alikuwa amefika mara moja tu, kwenye msiba wa baba, kati ya umati wa watu, akarudi kesho yake. Majirani hawakuwa wanamjua hata sura.

Sasa, kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze. Mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Watu wa mjini wengi wameshaacha, mama yangu hajaacha na hana mpango huo. Masunga akipita, mama anageuza uso. Mama akikaa uani, Masunga anazungukia nyuma ya nyumba. Kwa hiyo utafiti wake aliufanya amekaa nyuma ya ukuta wa jiko, mama yuko ndani, na mimi katikati nabeba maneno kama karani.

"Mwambie mama aniwie radhi kwa usumbufu," akaanza. "Halafu mwambie anipigie mwano kidogo tu, nirekodi kwenye simu."

"Mwambie mkwe mwano hauna kidogo," mama akasema, na sufuria akaitua kwa kishindo. "Ukishatoka mdomoni, haurudi. Mwambie pia wiki hii watu hawalali. Ng'ombe wa Maige wameibwa juzi. Akae hapa nyumbani atulie, Malimi akirudi mnadani jioni amzungushe kwa majirani wamjue."

Maige ndiye jirani yetu, boma lake linatazamana na zizi letu. Na kuzungushwa kwa majirani ndivyo tunavyofanya kwa kila mgeni, hasa mwanamume. Anasalimia kila boma, anatajwa ni wa nani, basi, kesho akipita hata gizani anaitwa kwa jina. Mtu yeyote wa kwetu anajua kwamba kabla ya hapo hutembeitembei.

Masunga akatingisha kichwa. "Mwambie mama, nikitambulishwa tu, utafiti umekufa. Nataka nione macho ya watu wanaomtazama mtu wasiyemjua. Mwizi wangu hatambulishwi na mtu."

Nikamwambia, "Masunga, una wazimu." Hilo sikumpelekea mama, nilimwambia yeye mwenyewe uso kwa uso. Akanishika bega, akatabasamu, akaondoka zake kuelekea njia ya kisimani, kofia imeshushwa usoni, kama vile hiyo kofia peke yake haitoshi kumponza mtu.

Jua lilikuwa bado kali. Nilikaa mlangoni nachambua mboga, na kila jani nililolichuma niliangalia njia. Mama ndani kimya. Ukimya wa mama yangu naujua, ni mbaya kuliko matusi. Baada ya muda Masunga akarudi, jasho linamtiririka, macho yanang'aa kama mtoto aliyepewa soda.

"Wananitazama, Stephania! Kuna mzee kanifuata kwa macho mpaka nimepotelea kwenye vichaka vya mihale. Nimemsalimia 'mwadila', hakuitika. Mgongo wote ukanisisimka! Hicho ndicho nilichokuwa nakikosa."

"Umeshakipata. Ingia ndani."

"Kimebaki kitu kimoja. Nataka nifungue zizi kama anavyofungua mwizi. Miiba inavutwaje, ng'ombe anafanyaje akiona kamba. Dakika mbili tu."

"Ukiingia kwenye zizi hilo mimi narudi Bariadi peke yangu."

"Ni zizi la shemeji yangu, jamani! Nani atanishitaki?"

Mama akaniita ndani nimshikie mtungi. Nikaingia. Kati ya kuushika mtungi ule na kuutua, mwano ukapigwa.

Nilikuwa sijausikia tangu usichana wangu. Ni sauti nyembamba, ndefu, inapanda, inakatika, inaanza tena juu zaidi. Ulitokea pale pale, upande wa boma la Maige. Kabla haujaisha, boma la pili likaupokea, halafu la tatu, halafu ukawa unazunguka pande zote na huwezi kujua umeanzia wapi. Mtungi ulinitoka mikononi ukapasuka. Sikuhitaji kuuliza ni nini kimeonekana na nani.

Nikakimbia. Maige alikuwa amesimama nje ya zizi letu, mkono mdomoni, mishipa ya shingo imemsimama, anaupiga. Na ndani ya zizi alikuwa Masunga. Malimi alikuwa amebakiza ng'ombe mmoja mgonjwa asiyekwenda malishoni, na kamba ilikuwa shingoni mwa huyo ng'ombe, ncha ya kamba mkononi mwa mume wangu. Na Mungu ananisikia, Masunga alikuwa anatabasamu. Ameinamisha kichwa pembeni, anasikiliza. Alikuwa amekuja kuutafuta mwano, na mwano huo umempata.

"Toka!" nikapiga kelele. "Tupa kamba, toka!"

Wanaume wa kwanza walishafika. Walitoka mashambani, wengine vifua wazi, fimbo mkononi, na mmoja ana jembe. Hawakuuliza. Walimvuta kwa kola akapita juu ya miiba ya zizi, nikaona shati linachanika na ngozi pamoja nalo. Hapo ndipo tabasamu lilipomtoka.

"Mimi ni mwandishi!" akalia. "Niko kwenye utafiti! Ni utafiti!"

Utafiti! Kwa Kiswahili safi cha mjini, mbele ya watu walioibiwa juzi. Kisukuma chake chote kilimkimbia, hata "baba" hakukumbuka kusema.

"Unaandika nini, ng'ombe wetu?" mmoja akauliza, na fimbo ikashuka begani kwake. Ya pili ikashuka kichwani. Akapiga magoti.

"Ni mume wangu!" nikasema kwa Kisukuma, nawasukuma, nawakwaruza. "Mimi ni Stephania wa kwa Kwandu! Ni mume wangu!" Lakini waliokuwa mbele walikuwa vijana, walikuwa wananyonya nilipoolewa. Hawanijui. Na mimi na sketi yangu ya mjini na wigi langu.

"Kumbe wako wawili!" kijana mmoja akapaza sauti. "Huyo ndiye anayewaonyesha njia. Mshikeni!"

Nikashikwa mikono nyuma. Nikamtazama Maige, Maige aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, nikamwita kwa jina, nikamwita baba. Alikuwa ananitazama bila kuniona. Ng'ombe wake ndio waliokuwa machoni mwake. Alichukua rungu kwa kijana aliyekuwa karibu, akaja mbele, watu wakampisha, maana yeye ndiye aliyeibiwa. Masunga alikuwa chini, damu imeingia machoni, mikono yote miwili imefunika kichwa. Nikajua naachwa mjane pale pale, mchana kweupe, kwenye uwanja niliochezea rede.

Ndipo mama akatokea. Sijui alipita wapi katikati ya watu wale, mwanamke wa umri ule, mguu mmoja unamsumbua. Nilimwona tu amefika na amejitupa chini juu ya Masunga. Akamlalia. Akakivuta kichwa chake chenye damu akakibana kifuani kwake kwa mikono miwili.

"Nkwilima wane!" akalia. "Mkwe wangu! Nkwilima wane!"

Rungu la Maige likabaki juu.

Sijawahi kuona umati ukinyamaza namna ile. Mama mkwe amemkumbatia mkwe wake, hadharani, mbele ya wanaume. Kwetu kitu hicho hakipo. Hakuna uongo ambao mwanamke wa heshima angeusema kwa namna hiyo, hata kumwokoa mwanawe wa kumzaa. Mmoja akageuza uso, kama mtu aliyemkuta mzazi wake anaoga. Na wa pili. Fimbo zikashuka. Walionishika wakaniachia, sikuhisi hata walipoondoa mikono.

"Mayu," Maige akamwita mama kwa heshima, "ni nini hiki?"

"Kama ni mwizi, tupige wote wawili," mama akasema. "Aibu nimeshaivua. Sina kingine cha kuficha."

Maige akalitupa rungu mbali, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Tulimwingiza Masunga ndani. Paji lilikuwa limepasuka, mkono wa kushoto umevimba, lakini anaongea. Mama alipohakikisha anaongea, akainuka, akajifunga upya kitenge chake, akaenda nyumba ya pili akafunga mlango. "Mwambie mkwe asilale mapema, kapigwa kichwani," akasema kutokea huko. Alikuwa ameshaanza tena kuzungumza naye kupitia kwangu, na mimi nikalia hapo hapo kwa sauti, kilio nilichokuwa nimekibana muda wote.

Tukiwa tunamsubiri Malimi aje na pikipiki tumpeleke hospitali, jua limeanza kuinama, Maige akaja. Amekuja na maziwa kwenye kibuyu, akakiweka mlangoni, hakuingia mpaka nilipomkaribisha. Akakaa kwenye kigoda, akamtazama Masunga muda mrefu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Kosa ni langu, baba," Masunga akasema. Sasa Kisukuma kilikuwa kimemrudia. "Nilikataa kuzungushwa."

"Mke wako anasema unaandika hadithi. Ya mwizi."

"Ndiyo."

Maige akasugua viganja. Masunga akaingiza mkono mfukoni akatoa simu. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini ilikuwa bado inarekodi, tangu zizini. Nilidhani ataiweka mezani imrekodi Maige, maana namjua mume wangu. Akaizima, akanipa mimi.

"Alikuwepo mwingine," Maige akasema. "Zamani kidogo. Alionekana na kamba kule mtoni, hajulikani. Mwano niliupiga mimi. Baadaye ndipo tukasikia alikuwa anamtafuta punda wake. Punda alipatikana, hata. Hakuwa na mtu wa kumwangukia kama wewe leo."

"Alikuwa anaitwa nani?" Masunga akauliza.

"Alikuwa anasema. Nakumbuka midomo ilikuwa inasema. Ila kulikuwa na kelele."



"Hili nalo utaliandika?" Maige akauliza.

"Ukikataa, siandiki."

Maige akainuka, akashika mwimo wa mlango. "Andika. Ila usimuue haraka kama sisi. Mwache kwanza amalize kusema jina lake."

Sura ile imeisha sasa. Masunga aliiandika hapa Bariadi, kovu limekaa kwenye paji, hajafanya utafiti mwingine wowote. Nilimwomba amwache yule mtu hai. Akakataa, akasema huo utakuwa uongo. Anakufa. Lakini siyo mwizi tena, ni mtu anayetafuta punda, na kabla hajafa anasema jina lake, la baba yake, na la kijiji chake, ukurasa mzima, na kelele hazimfuniki.

Nilimsomea mama kwa simu, naigeuza kwa Kisukuma kadiri ninavyoweza, Masunga amekaa pembeni yangu.

"Mwambie mkwe nimesikia," mama akasema nilipomaliza. "Halafu muulize, huyo mtu, mama mkwe wake alikuwa wapi?"

Nikamgeukia Masunga. Alikuwa ameshasikia. Nilisubiri anipe la kumjibu mama, simu iko sikioni, naye akazivuta karatasi za sura ile, akashika kalamu.