Tuta la Mlangoni kwa Fundi Cherehani

Mke wa fundi cherehani alikuwa na ugomvi na magari. Yeye ndiye aliyewapelekea wateja nguo zao kwa baiskeli, suruali zimekunjwa kwenye kapu la mbele. Na barabara ya mlangoni pao ilinyooka kiasi kwamba dereva akiiona tu, mguu unapata wazimu. Magari yalipita vuu, cherehani ikatikisika, mshono ukaenda upogo. Gari likipunguza mwendo pale, kila mtu ndani alijua: hilo ni letu, mgeni kafika.

Akaenda manispaa kuomba tuta. Afisa wa barabara, mtu mpole mwenye kitambi cha vikao, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu, tuta linawekwa penye ajali. Kwenu kagongwa nani?"

"Kuku."

"Kuku hahesabiwi."

"Kwa hiyo tunasubiri nini?"

"Sifa, dada. Mtaa wenu bado haujafikisha sifa."

Jioni alimwigiza afisa yule, kitambi na yote, mpaka mama yake mzazi, bibi ambaye kumbukumbu zilishaanza kumtoka, akacheka hadi machozi.

"Ndiyo hivyo, mume wangu," akasema. "Tumefeli mtihani wa kufa."

Miezi michache baadaye mtaa ukafaulu. Mke wa fundi alikuwa anarudi, kapu tupu, amebakiza kuvuka tu. Dereva alisema hakumwona. Kweli kabisa, kwa mwendo ule asingeiona hata nyumba. Msamaria mmoja akampakia kwenye gari lake, bibi kasimama mlangoni anatazama, gari likaondoka naye. Hakurudi.

Tuta sasa likaja mbio, nene, na mistari yake myeupe. Siku ya uzinduzi wakubwa wakagundua wamebeba hotuba na kusahau utepe. Wakabisha hodi kwa fundi.

"Pole na msiba, fundi. Huna kitambaa chekundu?"

Alikuwa nacho: bitana ya gauni la mkewe, alilokuwa akiliahirisha kila siku ili kwanza amalize ya wateja. Akakata kipande. Akawapa na mkasi, maana huo nao walikuwa wameusahau.

Tuta likafanya kazi, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Gari la kwanza likapunguza mwendo, bibi akainua kichwa.

"Baba, fungua. Wamemrudisha."

"Ni tuta hilo, mama."

"Gari limepunguza, nimesikia. Kaondoka kwa gari, atarudi na nini?"

Akamweleza. Gari la pili, akamweleza tena. Tuta lile linapitiwa kutwa nzima, na kila tairi linamfufua marehemu na kumuua upya. Mwishowe fundi akaacha kueleza. Akawa anainuka, anafungua, anachungulia nje kama mtu mwenye akili timamu.

"Si yeye, mama. Labda linalofuata."

"Haya, baba. Foleni tu hiyo."

Alasiri moja bibi alikuwa amelala fofofo kitini, mdomo wazi. Nje gari likapunguza mwendo. Cherehani ikanyamaza. Fundi akajikuta mlangoni, mkono kwenye komeo, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, moyo unamdunda kama bwana harusi.

Akafungua. Gari likapanda tuta taratibu, likashuka, likaenda zake.