Siku Mteremko Unapokutana na Eneo

Shemeji yangu, mume wa dada, amefundisha hesabu za juu, fizikia na kemia karibu katika shule zote za mji huu, na hakuna hata moja inayomwita wake. Mwalimu akijifungua, akivunjika mguu au akienda masomoni, anapigiwa simu yeye. Mwenyewe akirudi, shemeji anashukuriwa, anapewa soda, anaondoka. Wanafunzi wamembatiza Spea, kama tairi la akiba. Yeye hakasirishwi na jina hilo. Ninayekasirika ni mimi, maana hasira za ukoo mzima niligawiwa peke yangu.

Kilichomkosesha kazi ya kudumu ni cheti. Alisomea uhandisi, si ualimu, na kila mkuu wa shule humwambia avute subira. Ameivuta mpaka mvi zimeingia ndevuni.

Lakini hakuwa akitamani cheo. Alitamani siku moja tu, na alinieleza habari zake mezani kwao, dada akikusanya sahani. Katika hesabu za juu, alisema, watoto hujifunza kwanza kupima mteremko wa mkunjo, yaani mstari uliopinda, kama barabara ya mlimani: hapa imesimama kiasi gani, pale imelala kiasi gani. Baadaye, kama somo jingine kabisa, hujifunza kupima eneo lililo chini ya mkunjo huo. Wanaona wametwishwa mizigo miwili. Halafu inafika siku wanagundua kwamba ni kitu kimoja, kinakwenda mbele na kurudi nyuma, kama kufunga kamba na kuifungua.

"Siku hiyo darasa hunyamaza, shemeji," aliniambia. "Halafu mmoja anacheka. Enzi zangu aliyecheka nilikuwa mimi. Upande wa ubao, siku hiyo, sijawahi kuwapo."

"Miaka yote hii?"

"Nikianza mteremko, mwenyewe anarudi. Nikipokea darasa kwenye eneo, mwenyewe anarudi kabla hatujafika."

"Wenzio wanatamani magari," dada akasema, "wewe unatamani mkunjo." Alitania, lakini alimshika bega alipopita.

Mwaka huu mlango ukafunguka, tena katika shule ninayofanya kazi mimi, mtunza maabara. Mwalimu wa hesabu, mama mmoja hodari, alifanyiwa upasuaji wa mgongo. Mkuu wa shule akamwita shemeji na kumwambia kwamba mama yule asipopona kabla ya mitihani, darasa atalimaliza yeye. Akaanza mteremko mwanzo kabisa. Nilimwona akibadilika, hata mashati akawa anapiga pasi mwenyewe. Siku moja alikwenda kumjulia hali mgonjwa, akarudi kichwa kimeinama.

"Namwombea apone," alisema. "Kisha najikuta naomba asiharakishwe. Mimi ni mtu wa namna gani, shemeji?"

"Mtu wa kawaida," nikamjibu. "Karibu kwetu."

Wakamaliza mteremko, wakaingia kwenye eneo. Ijumaa moja mkuu wa shule akaja maabara akitabasamu: mwalimu wa hesabu amepona, Jumatatu yuko kazini. Shemeji akasema, "Mungu ashukuriwe," na alisema kwa moyo wake wote. Hapo ndipo iliponiuma.

Alasiri hiyo alibakiwa na kipindi kimoja. Nilimfuata koridoni.

"Ruka hayo yaliyobaki, uwaoneshe leo. Nani atakuuliza?"

"Nikiwaonesha leo watanakili tu. Bado hawajafika."

"Na wewe utafika lini?"

Aliingia darasani akafundisha vieneo vidogo vidogo, taratibu, kama mtu mwenye mwaka mzima mbele yake. Nilimwita mjinga, kimoyomoyo, na machozi yakanilenga.

Jumatatu mwalimu wa hesabu akarudi, mkanda mpana kiunoni, anatembea kama aliyebeba ndoo kichwani. "Kaka, umefika wapi nao?"

"Nimewaacha mlangoni, dada. Kesho wafungulie."

Akamshukuru kwa mikono miwili, na soda ikaletwa. Angeondoka siku hiyohiyo, ila mwalimu wa kemia alikuwa amelala na homa, basi akaombwa kushika nafasi yake.

Kesho yake alikuwa maabara, mimi pembeni naosha chupa. Alikuwa akiwaonesha wanafunzi wa kemia jinsi ya kudondosha magadi kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki, hadi kwenye asidi iliyotiwa dawa ya kubadili rangi. Ikigeuka pinki hafifu, unafunga papo hapo. "Tone moja likizidi," aliwaonya, "kazi yote imeharibika."

Upande wa pili wa ukuta ndilo darasa lile la hesabu. Tulikuwa tukimsikia mwalimu akieleza, chaki ikigonga ubao. Kisha sauti zote zikakoma. Shemeji akainua kichwa, mkono ungali kwenye koki. Kimya kikakaa. Halafu mtoto mmoja akacheka, mwingine akafuata, na darasa zima likalipuka. Nilitamani niwe na nguvu za kuubomoa ukuta ule.

Yeye alikuwa ameugeukia, anatabasamu, macho yamemjaa. Matone yakaendelea kuanguka.

"Mwalimu," binti wa meza ya mbele akasema polepole, "imepitiliza."

Akaitazama chupa. Pinki ilikuwa imekoza. Akafunga koki, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Ni kweli," akasema. "Mwageni hiyo. Tuanze upya."