Gichiaro Mlangoni mwa Wodi

Daktari Gichunge alizunguka Korbesa na Gotu miaka mingi, akichanja watoto na kufundisha wakunga, kabla ya kukabidhiwa hospitali aiongoze mjini Isiolo. Hata alipokuwa mkubwa hakuacha kufundisha. Kila asubuhi alipita wodini na wanafunzi wa utabibu, na aliyejibu kwa kubahatisha alikiona cha mtema kuni.

Mtihani wake mwenyewe ulimjia mchana mmoja, mbele ya wanafunzi hao hao.

Nakuam, mama kutoka Gotu, alikuwa amejifungua na damu haikukatika. Kwenye friji ya maabara kulibaki mfuko mmoja tu wa damu iliyomfaa, nao ulikuwa umewekewa Kanana, aliyengoja kuondolewa uvimbe tumboni siku hiyo. Daktari aliahirisha upasuaji wa Kanana, akamtuma mwanafunzi wake Ekaale alete mfuko.

Ekaale alirudi akakuta njia imezibwa. Kaburu, mume wa Kanana, mfanyabiashara wa miraa, alisimama mlangoni mwa wodi ya wazazi, mikono kwenye fremu.

"Hiyo ni ya mke wangu."

"Ni ya anayekufa," Ekaale akasema.

"Kijana, sijaongea na wewe." Akamgeukia daktari. "Gichiaro, nakuomba. Mke wangu asikose damu."

Daktari aliutazama mfuko mkononi mwa Ekaale. Koo zao mbili zilikula kiapo cha undugu zamani, na kila Mmeru aliyelelewa vizuri anajua kwamba gichiaro hanyimwi wala hadanganywi. Anayemnyima huita balaa nyumbani kwake. Daktari alikuwa na shahada, na alikuwa na watoto. Shahada hazikumwondolea hofu hiyo.

Nyuma ya pazia muuguzi aliita kwamba presha ya Nakuam inashuka. Mumewe, Emuria, alichuchumaa ukutani, akiwatazama Wameru hao wawili kama mtu anayesikiliza kesi yake ikiamuliwa.

"Kuna mfuko mwingine?" Kaburu aliuliza.

"Hakuna."

"Kanana akipasuliwa bila damu atakufa?"

"Anaweza. Ndiyo maana hapasuliwi leo. Uvimbe wake utangoja. Huyu hawezi kungoja."

"Sijaomba mafundisho. Nimeomba damu."

"Na Kanana hatakosa. Lakini nami nakuomba, gichiaro. Damu yako ni aina moja na ya mkeo, mlipimwa pamoja. Mfuko huu peke yake hautoshi. Lala pale, utoe."

Mikono ya Kaburu ilishuka polepole. Alikuja kufunga mlango, kumbe ni yeye aliyefungiwa.

"Umenitega."

"Nimeomba tu."

"Mtu anayekimbiza gari la miraa mpaka Moyale anaogopa sindano?" Ekaale alisema, huku akipenya na mfuko.

"Pita, wewe." Lakini Kaburu alikuwa tayari anakunja mkono wa shati.

Mfuko wa kwanza uliisha, na presha haikupanda. Daktari alisimama kando ya kitanda, kidole kwenye mshipa wa Nakuam, hadi maabara ilipomaliza kuipima damu ya Kaburu. Nusu ya mfuko wa pili ilikuwa imeingia aliposema, "Sasa inapanda."

Emuria alimkuta Kaburu nje kwenye benchi, akinywa soda.

"Damu yako imo mwilini mwa mke wangu. Sasa nikuite nani?"

"Niite mwenye njaa," Kaburu akamjibu.

Kanana alipasuliwa wiki iliyofuata, na damu yake ilitoka kwa ndugu za Emuria. Wanaosema mjini kwamba Daktari Gichunge alimnyima gichiaro hawakuwa mlangoni siku ile.